Mwongozo kamili: namna ya kupima pengo la kijinsia mkoa kwa mkoa, na kuona kama linaendana na harakati za wanawake mtandaoni

Mwanamke akiandika chochote mtandaoni kuhusu haki zake hakosi mtu wa kumjibu "nyie wa Dar ndo mnalalamika, wenzenu mikoani wametulia". Na kuna kundi lingine linasema kinyume chake, kwamba ukiona sehemu ina mayowe mengi basi ujue huko ndiko wanawake wanaumia zaidi. Haya yote mawili yanapimika. Takwimu zipo, nyingi ni za bure, unachohitaji ni kompyuta yenye Excel au Google Sheets, bando la kutosha, na mtu mmoja wa kusaidiana naye, kwa sababu kuna hatua huwezi kuifanya peke yako ikaaminika.

Kabla hujaanza shika jambo moja, maana ndo uti wa mgongo wa kazi nzima: mahali mtu anapoongea na mahali jambo linapotokea ni sehemu mbili. Dada yuko Sinza anaandika kuhusu mabinti wa Tarime wanaokimbia kukeketwa mwezi Desemba. Ukimhesabu kama sauti ya Dar basi Mara inaonekana haina tatizo, ukimhesabu kama sauti ya Mara umesema wanawake wa Mara wanapaza sauti wakati aliyepaza ni mtu mwingine kabisa. Inabidi uandike vyote viwili, kila mara, kwenye safu mbili tofauti.

Hatua ya 1: Panga mikoa yako na mwaka wako

Tanzania ina mikoa 31, 26 bara na 5 Zanzibar. Fungua jedwali, mkoa mmoja mstari mmoja. Angalia sana unapotaka kulinganisha na zamani, maana Geita, Katavi, Njombe na Simiyu imezaliwa 2012 na Songwe imekatwa kutoka Mbeya 2016, kwa hiyo Mbeya ya 2010 na Mbeya ya 2022 ni maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Ukitaka mstari wa muda mrefu rudisha Songwe ndani ya Mbeya, na ufanye hivyo hivyo kwa hiyo mingine.

Chanzo chako kikubwa ni ule utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria, TDHS, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) pamoja na wenzao wa Zanzibar na wizara za afya. Raundi mbili za mwisho ni 2015-16 na 2022. Cha pili ni Sensa ya 2022, ile iliyotupa watu 61,741,120, Dar peke yake 5,383,728. TDHS inaishia ngazi ya mkoa, sensa inashuka mpaka wilaya, kwa hiyo kama unataka kuona Temeke na Kinondoni zinatofautianaje itabidi utegemee sensa, na huko utapata vitu kama kujua kusoma na kuandika, kiwango cha elimu na nani mkuu wa kaya, ila ukatili hutaupata.

Ripoti ukishaipata ipakue uihifadhi sehemu mbili. Nasisitiza hili kwa sababu Februari 2025 programu ya DHS, ile ya kimataifa inayosaidia tafiti kama TDHS, ilisimamishwa baada ya Marekani kukata fedha, watu walioegemea kusoma mtandaoni tu wakabaki wanahangaika.

Hatua ya 2: Chagua vipimo, na vichache

Kuna fahirisi za kimataifa tayari, yaani vipimo vingi vilivyounganishwa kuwa namba moja. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wana ya kwao tangu 2010 inayopima afya ya uzazi, nguvu ya maamuzi na ajira, World Economic Forum wana ya kwao tangu 2006, na Global Data Lab ya chuo cha Radboud kule Nijmegen wameshashuka mpaka ngazi ya mikoa kwa nchi nyingi, yetu ikiwemo. Zipitie, lakini usizichukue nzima nzima. Kwa mfano vifo vya uzazi, TDHS ilitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16 na 104 mwaka 2022, sasa hiyo ni namba ya taifa, ukitaka kuigawa kwa mikoa 31 vifo vilivyoripotiwa kwenye sampuli ni vichache mno, utapata namba zinazorukaruka bila maana.

Mimi ningechukua vitano: ukatili wa mwenza, mimba za utotoni, elimu ya watu wazima, mali na maamuzi ndani ya nyumba, na madaraka ya kuchaguliwa. Kila kimoja kina mtego wake.

Ukatili wa mwenza. Tumia TDHS, usitumie takwimu za polisi. Kesi zilizofika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi zinakuambia dawati lipo karibu kiasi gani na mwanamke ana ujasiri na nauli kiasi gani, mkoa wenye madawati mengi utaonekana mbaya kuliko mkoa ambao mtu anatembea nusu siku kufika kituoni. Muulizaji wa TDHS haulizi "umewahi kufanyiwa ukatili?", anataja kitendo kimoja kimoja, alikusukuma, alikupiga kofi, alikukaba, na mwanamke anajibu kila kimoja. Hii ina umuhimu mkubwa kwa sababu utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wanakubali kwamba kuna sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe, wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Mtu anayeona kofi ni jambo la kawaida la ndoa hawezi kukuambia kafanyiwa ukatili, lakini kofi atakuambia. Raundi hiyo hiyo wanawake waliowahi kuolewa waliosema wamefanyiwa ukatili na mwenza walikuwa asilimia 78 Mara na asilimia 8 Kusini Pemba. Pengo hilo ndilo linakuonesha kwa nini namba ya taifa peke yake haitoshi.

Mimba za utotoni: wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliozaa au wana mimba. Kitaifa ilikuwa asilimia 27 mwaka 2015-16 ikashuka mpaka 22 mwaka 2022, ila Katavi mwaka 2015-16 ilikuwa 45. Kipimo kizuri, kinaenda haraka, hakina utata.

Elimu. Hapa wengi wanachukua uandikishaji wa shule na wanaona tatizo limekwisha, maana kidato cha 1 mpaka cha 4 wasichana wameshawapita wavulana kwa idadi nchini. Chukua watu wazima wa miaka 25 na kuendelea, wanawake wangapi walifika sekondari ukilinganisha na wanaume wa mkoa huo huo, hapo ndo utaona lile pengo ambalo mama zetu wanaishi nalo hadi leo. Na amua mapema utafanya nini mkoa ambao wanawake wamewazidi wanaume: fahirisi ya World Economic Forum inasimamia kwenye usawa, kwamba ukishafika 1, yaani wanawake sawa na wanaume, huongezewi alama, wakati fahirisi nyingine ya UNDP, ile ya maendeleo ya kijinsia, inapoweka nchi kwenye makundi inahesabu pengo kwa upande wowote. Ukiwa unapima madhila ya wanawake simamia kwenye 1, na useme wazi kwamba umefanya hivyo.

Mali na maamuzi, TDHS ina sura nzima, nani anaamua matibabu ya mwanamke, nani anaamua manunuzi makubwa, nani anamiliki nyumba au ardhi peke yake au kwa pamoja, nani ana akaunti ya benki. Tumia maamuzi na ardhi, vinatosha.

Madaraka. Usihesabu viti maalum. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wabunge na madiwani wa viti maalum, wengine ndo wanaobeba hoja zetu, ila Katiba inataka viti maalum bungeni visipungue asilimia 30 na kwenye halmashauri ni theluthi, kwa hiyo ukivihesabu mikoa yote inafanana na kipimo chako kinakuwa hakipimi kitu. Hesabu madiwani wanawake waliochaguliwa na wananchi kwenye kata. Kwa Zanzibar hesabu hizo ziko upande wa tume yao ya uchaguzi, zitafute kivyake.

Utaniuliza ukeketaji uko wapi. Ninauacha nje ya fahirisi na ninauripoti pembeni, kwa sababu mikoa mingi ya pwani na visiwani uko karibu na sifuri wakati Manyara ilikuwa asilimia 58 mwaka 2015-16 na 43 mwaka 2022, ukiuingiza unageuza fahirisi yako yote kuwa ramani ya ukeketaji. Halafu namba hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, wengi walikeketwa zamani, tena imehesabiwa kwa mkoa wanakoishi leo. Mwanamke aliyekeketwa Singida akaja kuuza mihogo Mbagala anahesabiwa Dar. Ukitaka hali ya sasa angalia wale wa 15 hadi 19 peke yao.

Hatua ya 3: Geuza kuwa namba moja

Vipimo vyote viweke kwenye ngazi ya 1 hadi 100, kubwa ikiwa nzuri. Kwa kitu kibaya kama ukatili, chukua namba kubwa ya mikoa yote utoe namba ya mkoa wako, gawanya kwa tofauti ya kubwa na ndogo, zidisha mara 99, jumlisha 1. Tuseme mkoa wako una asilimia 40, na kubwa ni 78 na ndogo ni 8: 78 toa 40 ni 38, gawanya kwa 70, mara 99, jumlisha 1, unapata karibu 55. Kwa kitu kizuri kama elimu geuza, namba ya mkoa toa ndogo. Vipimo vya TDHS vyote vitoke raundi moja, usichanganye 2015-16 na 2022 kwenye mkoa mmoja.

Kisha unganisha kwa GEOMEAN kwenye Excel badala ya AVERAGE. Wastani wa kawaida unaruhusu mkoa wenye elimu nzuri kufunika kipigo cha nyumbani, GEOMEAN inaubana, ukianguka vibaya sehemu moja alama yote inashuka. Ndo maana ngazi inaanzia 1, ukiweka sifuri mkoa mzima unapotea.

Na usigombane juu ya nafasi. TDHS ya 2022 ilihoji wanawake 15,254, ukigawa kwa mikoa 31 ni kama 490 kila mkoa, na maswali ya ukatili wanaulizwa wachache zaidi ya hapo. Kwa idadi hiyo asilimia inaweza kuyumba 5 au zaidi juu na chini. Mkoa wa 12 na wa 14 ni sawa tu. Gawa mikoa makundi matatu, ya juu, kati na chini, halafu tulia.

Hatua ya 4: Jua nani yupo mtandaoni kabla hujahesabu nani anaongea

Hatua hii wengi wanairuka na ndo inayozaa ile kauli ya "mikoani wametulia". Mkoa ambao wanawake wachache wana simu ya intaneti utakuwa kimya hata kama usiku kucha wanapigwa. Kwa hiyo usihesabu posti, hesabu posti kwa kila wanawake 100,000 waliopo mtandaoni.

Utawapataje? TDHS 2022 ina jedwali la wanawake na wanaume wanaotumia intaneti kimkoa, zidisha asilimia hiyo na wanawake wa miaka 15 hadi 49 wa mkoa kwenye sensa, maana ndio walioulizwa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kila robo mwaka wanatoa laini za simu kimkoa, hiyo ni ya kujiridhisha tu kwa sababu mtu mmoja ana laini tatu. Njia ya tatu ni ya mjini kidogo lakini nzuri: fungua akaunti ya matangazo ya Facebook, anza kutengeneza tangazo, chagua mkoa, chagua wanawake, soma makadirio ya watu tangazo lingewafikia, kisha chagua wanaume usome tena. Hulipi chochote, unaacha rasimu hapo hapo. Watafiti Fatehkia, Kashyap na Weber walitumia njia ya aina hii kwenye utafiti wa 2018 kukadiria pengo la kijinsia la intaneti nchi kwa nchi na ikaonekana inaendana vizuri na takwimu za kawaida.

Hata ndani ya Dar usidhani kila mtu yupo. Dada wa kazi ambaye simu yake inakaa kwa bosi, au anayo kitochi tu, yupo kwenye sensa ya Dar na shida yake iko Dar, lakini mtandaoni hayupo.

Hatua ya 5: Kusanya posti

Zamani ungechota maelfu ya twiti kwa programu. Sasa hivi X iliondoa kuonesha mahali kamili tangu 2019, ikafunga uchotaji wa bure 2023, na Facebook nao wakafunga CrowdTangle, zana yao ya kufuatilia posti, Agosti 2024. Kwa hiyo ni kazi ya mkono, na kwa kweli kwa Kiswahili mkono unaelewa kuliko mashine. Lenga posti 500 hadi 600 za Instagram, TikTok, Facebook na X.

Maneno ya kutafutia ndo yanaamua utapata nini. Ukitafuta "ukatili wa kijinsia", "usawa wa kijinsia" na "mtoto wa kike" utaletewa mabango ya asasi na picha za semina. Watu wa kawaida wanaandika "kampiga mkewe", "kabakwa", "kamwagia maji ya moto", "kanyimwa urithi", "boss anataka rushwa ya ngono", "kafukuzwa shule kisa mimba". Andaa orodha mbili, ya kitaasisi na ya mtaani, tafuta zote, na uweke alama kila posti imetoka orodha ipi.

Wakati nao ni mtego. Kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10 ni zile siku 16 za kupinga ukatili na Machi 8 ni siku ya wanawake, asasi zote zinaposti. Chukua vipindi hivyo, na uchukue pia miezi mikavu isiyo na kampeni kama Februari na Agosti. Vilevile kuna siku ambazo ukimya unatoka kwenye mtambo: X ilibanwa Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi na tena kuanzia Mei 2025, na Oktoba 29, 2025 intaneti yenyewe ilizimwa. Siku hizo ziondoe kabisa kwenye hesabu, usiziandike sifuri. Na wanaopita kwa VPN wanaweza kuonekana wapo Uholanzi, kwa hiyo mahali pachukue kwenye wasifu na maneno ya mtu.

Jedwali lako liwe na safu hizi: tarehe, mtandao, ni taasisi au mtu binafsi, mkoa wa anayeongea, umejuaje, mkoa unaoongelewa, mada, msimamo. Safu ya "umejuaje" usiiache, andika kama ni wasifu wake, au kataja mwenyewe, au unakisia. Zile za kukisia utazipima kivyake.

Chukua posti ya aina hii: akaunti ya mtu binafsi, wasifu umeandikwa Mbezi, anasema mdogo wake kijijini Sengerema anaozeshwa yupo kidato cha pili, anaomba namba ya ustawi wa jamii. Anayeongea Dar, anayeongelewa Mwanza, mada ndoa ya utotoni, msimamo anadai hatua. Chini watu wanajibu. Mmoja anasema "pole dada, nenda kwa mtendaji wa kata", huyo ni msaada. Mwingine "sheria si inaruhusu?", na huyo usimwekee alama ya upinzani haraka, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 vifungu vya 13 na 17 viliruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa amri ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga Mahakama Kuu ikakubaliana naye 2016, Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Anayeuliza hivyo huenda anauliza kweli. Msimamo unatoka kwenye mnyororo mzima wa komenti, soma tano sita kabla hujaamua.

Hapa ndo unamhitaji mwenzako. Chukueni posti 100 zilezile, kila mtu apange bila kuona za mwenziwe, halafu mlinganishe. Mkikubaliana chini ya 80 kwenye safu yoyote, kaeni muandike upya maelezo ya safu hiyo. Ikiwezekana mmoja awe mwanamke na mwingine mwanaume, kwenye msimamo mtatofautiana na mazungumzo yenu yatawafundisha mengi.

Hatua ya 6: Linganisha

Sasa una namba tatu kwa kila mkoa: alama ya usawa, posti zinazotoka mkoani kwa kila wanawake 100,000 wa mtandaoni, na posti zinazoongelea mkoa huo. Chora kwanza, alama ya usawa chini, posti pembeni, nukta 31 zenye majina. Angalia kwa macho kabla ya hesabu yoyote.

Kisha tumia uhusiano wa Spearman, unaolinganisha nafasi za mikoa badala ya namba zenyewe: RANK.AVG kila safu, halafu CORREL ya zile nafasi. Inafaa kwa sababu Dar itakuwa mbali sana na wenzake na njia ya kawaida itavutwa na nukta hiyo moja. Hata hivyo fanya mara mbili, na Dar ndani, na Dar nje. Uhusiano ukifa Dar ikitoka, ulichopima ni Dar, basi sema hivyo. Rudia pia bila posti za taasisi, kwa sababu asasi nyingi zina ofisi hapa mjini na kurasa zao zinapeperusha Dar bila kujali tukio liko wapi.

Halafu tenga mikoa kwa ukubwa wa miji, yenye watu wengi mijini na yenye watu wengi vijijini, na upime kila kundi. Elimu, intaneti na mji vinakwenda pamoja na vyote vinaongeza kuposti, unaweza kudhani usawa unaleta harakati kumbe ni mnara wa simu. Na ukipata uhusiano kwenye mikoa usiuhamishie kwa mtu mmoja mmoja: mkoa wenye usawa mdogo ukiwa na posti nyingi, hujui kama waliopost ndio wanaoumia.

Safu ambayo ningekaa nayo muda mrefu kuliko zote ni tofauti kati ya mkoa unaoongea na mkoa unaoongelewa. Kuna mikoa itakuwa inaongelewa sana na haiongei, huko kuna watu wanasemewa. Na itakuwepo ambayo haiongei wala haiongelewi wakati alama yake ya usawa iko chini kabisa. Hiyo iandike juu kabisa ya ripoti yako, kwa majina, maana huko hakuna anayeangalia.

Hatua ya 7: Linda watu

Waliopost wengi wana mume, bosi au mwalimu anayesoma. Ondoa majina na anwani za akaunti kwenye jedwali, weka namba. Usichapishe skrini wala nukuu neno kwa neno, maana ukiibandika kwenye kitafutio mtu anapatikana, eleza kwa maneno yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, isome kabla ya kukusanya. Isome na Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho ya 2018 na 2019, ujue utaratibu wa kutoa takwimu zako mwenyewe, na kama uko chuo uliza mapema kuhusu kibali. Kwenye ripoti tenga wazi namba za NBS na namba zako. Ukikutana na posti ya mtoto aliye hatarini sasa hivi, acha utafiti, piga 116, ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Ukimaliza tengeneza kurasa mbili tu za Kiswahili, jedwali moja na ule mchoro wa nukta. TGNP, mtandao wa jinsia Tanzania, pale Mabibo wana semina zao za Jumatano ambako watu wanajadili mambo ya namna hii kwa kina, peleka huko wakuchambue. Kisha fikisha kwa madiwani na maafisa maendeleo ya jamii wa ile mikoa iliyo kimya, na ufanye hivyo kabla Januari haijaisha, kwa sababu kati ya Novemba na Februari ndo halmashauri zinapanga bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Ukipeleka Machi watakupongeza, ila mafuta ya gari la ustawi wa jamii yatakuwa yameshapangiwa kazi nyingine.